John Williamson wa Mwadui: mutu aliyepata almasi, akabaki peke yake

Leo tunawaletea maisha ya mutu mumoja wa migodi, aliyekufa tangu mwaka 1958. Jina lake ni John Williamson, na watu wa wakati wake walizoea kumuita Dokta Williamson. Hakuwa munganga wa kutibu wagonjwa. Alikuwa mujuzi wa mawe na udongo, na dokta ni cheo alichopata ku universite.

Wengine watatuuliza: sendika inatafuta nini mu maisha ya mukubwa wa mugodi, tena tajiri? Jibu letu ni hili. Hapa kwetu kuna watu wengi wanaobeba kitu kipya ndani ya kampani kubwa au pembeni yake. Kuna injeniere kijana aliyeleta namna ingine ya kusafisha mukuba, na wakubwa wake wanamungojea aanguke. Kuna fundi aliyeacha atelieri, akafungua kazi yake ndogo ya kutengeneza mashine za kampani ile ile aliyotoka. Kuna prezida wa koperative anayesimama kati ya wachimbaji wa mukono na kampani yenye kiwanja, na kila upande unamushitaki kuwa ameuza upande ule mwingine. Watu hawa wako na shida moja ambayo haionekani ku radio ya mapafu. Kitu chao kikifaulu, ni cha kampani. Kikianguka, ni chao paka wao. Usiku hawalali. Bibi zao wanajua, watoto wanajua, lakini ku kazi hakuna anayejua.

Maisha ya Williamson yanatuonyesha shida ile mupaka mwisho wake. Njo maana tunayaandika.

Tunaanza na njia. Mwadui iko Tanzania, mu jimbo la Shinyanga, kusini ya muji wa Mwanza na ya Ziwa Victoria. Kwa sisi Wakatanga inchi zile si za wageni. Upande ule wa Unyamwezi, mu Usumbwa, njo alitoka Msiri pamoja na Bayeke mu karne ya 19, wakifuata biashara ya mukuba na pembe. Katika maneno ya Kiswahili tunayosema leo ku soko ya Likasi, mengine yalipita njia ile ile kwa miguu. Basi tunapotaja Shinyanga, tunataja mahali ambako mababu wa wengi wetu waliacha moto wa nyumba.

Williamson mwenyewe alitoka mbali zaidi. Alizaliwa mwaka 1907 mu Canada, mahali panapoitwa Montfort, mu jimbo la Québec, kule wanakosema Kifaransa. Alienda kusoma ku universite ya McGill, mu muji wa Montréal. Mwanzo alitaka kuwa avoka. Kisha alipata nafasi ya kwenda kufanya kazi mu pori za kaskazini pamoja na watu wa kutafuta mawe, na moyo wake ukageuka. Aliacha sheria, akashika jeolojia, akaendelea nayo mupaka akapata cheo cha dokta.

Mu miaka ya 1930 kazi ilikuwa ngumu dunia muzima. Bei ya mukuba ilianguka tangu 1929, na hata hapa Katanga Union Minière ilirudisha wafanyakazi wengi sana ku vijiji vyao. Mu wakati ule Williamson alikuja Afrika, akaingia kazi ku Rhodesia ya Kaskazini, inchi tunayoita leo Zambia, upande wa pili wa mupaka wetu. Alikuwa mutumishi wa kampani iliyokuwa tawi la Anglo American, moja ya kampani kubwa kupita zote mu migodi ya Afrika. Kazi yake ilikuwa kutembea, kuchimba mashimo ya kujaribu, kuosha muchanga, kuandika ripoti. Kila ripoti ilipanda ku biro, na ku biro njo walikata neno.

Wale waliofanya kazi ya namna ile wanajua ugumu wake. Mutu anakaa miezi mingi mu pori na wenzake wachache. Anaona kitu kwa macho yake. Anaandika. Halafu mutu mwingine, aliyekaa mbali na asiyegusa udongo ule, anasema ndiyo au hapana. Si kosa la mutu yule wa biro, kwani kampani kubwa inatembea vile: makuta iko na mupaka, na lazima mutu mumoja achague. Lakini mwenye kuona na kukataliwa anabaki na kitu mu kifua. Akikisema sana, wanamuita mujeuri. Akikinyamazia, kinamula ndani.

Nyuma ya Rhodesia, Williamson alipita ku Tanganyika, iliyokuwa wakati ule chini ya Waingereza. Aliingia kampani ingine, iliyotafuta almasi na zahabu, na walimuweka Mabuki, kusini ya Mwanza. Mabuki palijulikana tangu zamani kuwa na almasi, lakini kidogo. Kampani ilichimba, ikahesabu, ikaona faida haifiki. Mwisho ikachoka, ikataka kufunga.

Hapa njo tunaona tabia ya Williamson. Yeye aliamini kuwa almasi zile ndogo ziko na mama yao pahali fulani karibu, na kuwa mama ile haijapatikana. Kampani haikumufuata mu wazo lile. Angeweza kuchukua mizigo yake, kutafuta mushahara mwingine, kama wengi walivyofanya. Yeye alichukua Mabuki ku mikono yake mwenyewe. Almasi kidogo aliyotoa pale ilimupa makuta ya kuendelea kutafuta. Tangu siku ile hakukuwa tena mukubwa juu yake wa kumuambia hapana. Lakini hakukuwa tena mukubwa wa kumulipa mwisho wa mwezi.

Tueleze kidogo kitu alichotafuta, kwa sababu wasomaji wetu ni watu wa kazi. Almasi haizaliwi mu udongo wa juu. Inazaliwa chini sana, kilometa zaidi ya 100 ndani ya dunia, ku joto na uzito mukubwa. Zamani za kale moto wa chini ulisukuma majiwe yenye almasi yapande juu, mu bomba pana la jiwe linaloitwa kimberiliti. Juu, bomba lile linafunguka sawa kombo la kumwagia mafuta mu chupa. Kisha mvua ya miaka maelfu na maelfu inalikula, inatawanya almasi mu mito na mu muchanga. Mutafutaji anaanza na muchanga. Anauosha, anatazama vijiwe vinavyotembea pamoja na almasi, kama garneti na ilmeniti, na anafuata njia yao kurudi ku bomba. Ni sawa wazee wetu wa Katanga walivyofuata ua la mukuba na rangi ya majani ya malakiti ili wajue pa kuchimba.

Williamson alifuata njia ile miaka, mahali pa joto na vumbi, makuta ikipungua. Hakutafuta peke yake. Waafrika wa inchi ile, wengi wao Wasukuma, walichimba mitaro, walibeba udongo, waliosha muchanga, walichambua kwa macho na vidole. Majina yao hayakuandikwa ku lango la mugodi. Sisi watu wa sendika tunayakumbuka bila kuyajua, kwani hakuna mugodi mu Afrika uliofunguliwa na mutu mumoja.

Mwaka 1940, ku Mwadui, wakaupata. Watu wanapenda kuhadisia kuwa almasi ya kwanza ilionekana chini ya mubuyu, na hadithi ile imezunguka dunia. Sisi tunashika zaidi miaka iliyotangulia, kwa sababu mubuyu ule hauoneshi kitu kwa mutu asiyetembea. Bomba la Mwadui lilikuwa kubwa ajabu. Sehemu yake ya juu inafika karibu hekta 146, ni kusema karibu viwanja 200 vya mupira wa miguu. Ni moja ya mabomba makubwa kupita yote yaliyowahi kuchimbwa mu dunia. Kampani kubwa zilikuwa zimepita upande ule mbele yake, zikaenda. Mutumishi wa zamani, aliyekosa kusikilizwa, akabaki na mugodi.

Lakini ilikuwa wakati wa vita. Ulaya iliwaka moto, meli zilizama, mashine hazikufika. Benki haikumujua. Mutu aliyemushika mukono ni Iqbal Chand Chopra, avoka Muhindi wa Mwanza. Chopra alimukopesha, kisha akawa mwenzake mu mugodi. Na Percy, ndugu ya Williamson, alikuja toka Canada kumusaidia. Walianza na vyombo vidogo na mashine za zamani. Mwaka 1942 kampani yao ikapata jina rasmi, Williamson Diamonds Limited. Almasi za kazi zilitafutwa sana wakati wa vita, kwani jiwe lile gumu njo linakata na kusaga chuma cha mashine. Mugodi ukasimama.

Tunataka musomaji aone sura ile. Yuko mutu wa miaka 35, mwenye siri kubwa ya mali, mu pori, bila bibi, bila mutoto, na watu wawili au watatu tu anaoweza kuwaambia yote. Kila siku anakata maneno ya mashine, ya maji, ya polisi, ya mishahara, ya serikali. Kazi ambayo mu kampani kubwa ingegawanywa ku biro 10, ilipita mu kichwa kimoja. Mwaka wa kwanza mutu anaweza. Wa pili anaweza. Mwili na akili vinaandika deni, lakini hawaleti fakitire mara moja.

Kisha vita Mwadui ikawa muji. Williamson alijenga nyumba za wafanyakazi, hospitali, masomo ya watoto, maduka, kiwanja cha ndege. Watu wa Likasi wanaelewa vizuri muji wa namna ile, kwa sababu tulikulia mu kambi zilizokuwa na hospitali yao, masomo yao na posho yao. Watu wengi wa wakati ule walimuhesabu Williamson kati ya wakubwa waliotazama maisha ya wafanyakazi wao. Tunalisema bila kumupaka sukari. Ilikuwa wakati wa ukoloni, cheo na nyumba vilifuata rangi ya ngozi, na utajiri ulienda ku mikono michache.

Mwaka 1947 mugodi ulitoa almasi ya rangi ya waridi, yenye karati 54 na nusu. Karati 5 ni gramu 1, basi jiwe lile lilikuwa karibu gramu 11, uzito wa sarafu moja au mbili. Mwaka ule ule Elizabeth, mutoto wa mufalme wa Uingereza, aliolewa. Williamson alimupa jiwe lile kuwa zawadi ya ndoa. Walilikata ku London, likabaki karati 23 na kitu, na mwaka 1953 likawekwa mu pambo lenye sura ya ua. Tangu hapo jina lake lilikuwa mu magazeti ya dunia. Waandishi walimutafuta, wageni walitaka kumuona, wanawake walimuandikia barua. Na yeye alizidi kujificha.

Hapa tunafika ku vita yake kubwa, na ilikuwa tena na kampani kubwa. Wakati ule almasi karibu yote ya dunia ilipita ku mulango mumoja wa kuuzia, ku London, na mwenye kushika mulango ule alikuwa De Beers. De Beers alipanga nani auze kiasi gani, ili mawe yasijae soko na bei isianguke. Williamson aliingia mu mapatano yale, akapewa sehemu yake. Lakini aliona sehemu ile ni ndogo ukiilinganisha na ukubwa wa Mwadui. Mwanzo wa miaka ya 1950 aligomba nao, akasimamisha kupeleka mawe yake, akayafungia ku Mwadui.

Tunaomba mufikiri maana ya neno lile. Mugodi unafanya kazi, mishahara inatoka kila mwezi, mafuta ya mashine yanalipwa, lakini mawe hayauzwi. Mutu analala juu ya mali ambayo hawezi kula, na anangoja nani atachoka wa kwanza. Upande mumoja kuna kampani yenye biro, avoka na makuta ya miaka mingi. Upande ule mwingine kuna mutu mumoja na kichwa chake. Mwisho walipatana, mawe yakaanza kutembea tena. Wengi wanasema Williamson alishinda, kwa sababu hakumezwa. Sisi tunaona pia bei ya ushindi ule.

Wale walioandika maisha yake wanapatana ku jambo moja: alikuwa mutu wa peke yake, na kadiri mali ilivyozidi, njo upeke wake ulizidi. Hakuoa. Alikuwa na rafiki wachache. Alivuta tumbaku sana, na walimujua kuwa munywaji. Aliogopa mikutano na kelele za watu. Alikaa ndani ya muji aliojenga mwenyewe, ndani ya uzio aliouweka mwenyewe.

Uzio ule unatufundisha kitu. Mu mugodi wa almasi kila mutu anatazamwa, kwa kuwa jiwe dogo lililofichwa mu kinywa linaweza kupita mushahara wa miaka mingi. Walinzi wanatazama wafanyakazi. Wakubwa wanatazama walinzi. Na mukubwa wa wote anatazama kila mutu. Mutu akizoea miaka 15 kufikiri kuwa kila mukono unaokuja unataka kuiba, hata mukono wa kumusalimu unakuwa mugumu kupokea. Mufanyakazi, poste ikiisha, anatoka, anarudi kwa bibi na watoto, anacheka, anagomba, anakunywa kikombe cha chai na jirani. Mwenye mugodi hakuwa na mahali pa kutokea. Uzio uliowafungia wengine masaa 8, yeye ulimufungia usiku na muchana.

Hatutaki kuwa wanganga wa maiti. Hatutamupa Williamson jina la ugonjwa ambalo hakupewa. Tunasema paka yanayoonekana: kazi isiyo na kituo, siri zisizo na musikilizaji, vita ndefu na mutu mukubwa, pombe na moshi pahali pa watu. Kila mwenye kukaa Kamatanda anajua mutu wa namna ile. Tunasema juu yake kuwa ana mawazo mingi. Tunalisema kwa huruma, kisha tunaendelea na njia yetu, sawa mawazo mingi ni mvua ambayo itaacha yenyewe.

Mwisho ulikuja upesi. Kansere ilimushika ku koo. Alikufa mwezi wa kwanza wa mwaka 1958, ku Mwadui, mbele ya kufikisha miaka 51. Hakuacha mutoto. Mali ikaenda ku ndugu zake. Mwaka ule ule wa 1958 mugodi uliuzwa: nusu ilichukuliwa na serikali ya Tanganyika, na nusu ingine na De Beers, kampani ile ile ambayo alipigana nayo miaka mingi ili asiingie mu mukono wake. Jina lake lilibaki ku lango. Mupaka leo watu wanasema mugodi wa Williamson.

Tufikiri juu ya mwisho ule. Mutu alikataa kuwa mutumishi ambaye hakusikilizwa. Alitoka, akapata, akajenga, akashinda. Lakini kitu chake kilisimama juu ya mabega yake paka yeye, na mabega yale yalipovunjika, kitu kikarudi ku kampani kubwa. Mu mugodi wa chini ya udongo kila muchimbaji anajua kuwa paa haishikwi na muti mumoja, hata muti ule ukiwa munene namna gani. Unaweka miti mingi, na kila poste unaipima kama iko na ufa. Mutu anayebeba kazi mupya ni vile vile.

Sasa turudi hapa kwetu. Likasi imejua watu wa namna ya Williamson kwa wingi, bila almasi na bila gazeti. Mwaka 2003, wakati wa mupango wa kutoka kazi kwa hiari ku Gécamines, wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Katanga walitoka, wengi wao wakiwa na miaka zaidi ya 25 ya kazi. Mutu aliyekuwa na nambari, nyumba ya kambi na wenzake wa poste, aliamka asubuhi moja akiwa patron wa maisha yake. Wengine walifungua duka, wengine walinunua gari, wengine walishika shamba au shimo. Walioanguka waliona haya kusema. Walikaa mu nyumba, muji ukawasahau, na watoto wakaona baba anazeeka kwa mwaka mumoja kupita miaka 10.

Leo sura imegeuka, lakini muzigo ni ule ule. Kampani kubwa za migodi hazifanyi tena kila kitu zenyewe. Zinatoa kazi kwa watu wadogo: usafiri, chakula, ulinzi, matengeneo. Mutu mudogo anaandika mapatano, anachukua deni, anaajiri vijana 12 wa quartier yake, na anangoja fakitire yake ilipwe kisha siku 60 au 90. Mishahara ya vijana haingoji. Na tangu sheria ya migodi ya mwaka 2018, muchimbaji wa mukono lazima awe mu koperative iliyokubaliwa, basi mukubwa wa koperative anabeba hasira ya watu mia mingi ku mulango wa nyumba yake. Wote hawa tunawaita wakubwa. Hakuna anayewauliza kama walilala.

Kazi ya sendika ni nini hapo? Tunasema wazi, kwa sababu kuna wenzetu wanaofikiri kuwa mawazo ya mukubwa wa ekipi au ya patron mudogo si mambo yetu. Ni mambo yetu. Kwanza, mukubwa wa ekipi asiyelala siku 4 njo anakata neno la kuingiza watu chini ya paa yenye ufa. Akili yake iliyochoka inaua watu wengine. Pili, wengi wao ni watu wetu, walitoka mu shimo pamoja nasi, na bibi zao wanachota maji ku bomba moja na bibi zetu. Tatu, ugonjwa wa akili hautazami grade.

Sheria ya kazi ya inchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamuambia mwenye kuajiri atunze afya ya mufanyakazi na ya jamaa yake. Neno afya, sisi tunalisoma lote, toka nyayo mupaka kichwa. Tunataka mu kila mapatano ya pamoja kuwe musitari juu ya kupumzika kweli kwa wenye mizigo ya kukata maneno, na juu ya nafasi ya kuonana na munganga wa akili bila kuandikiwa kuwa mutu muzaifu. Tunataka pia fakitire za watu wadogo zilipwe ku wakati wake, kwani dawa moja ya usingizi ni kulipwa.

Na ku nyumba? Mama, kama baba anaanza kula kidogo, anagomba bila sababu, anaketi peke yake giza, anarudi kila siku na harufu ya lutuku, usiseme paka kuwa wamemuroga, na usingoje likizo ya mwaka. Muite mutu anayemuheshimu, kaka yake, mukubwa wa kanisa, mwenzake wa zamani wa poste, aketi naye. Akianza kusema kuwa angefazali kufa, ile si maneno ya ulevi. Usimuache peke yake, na umupeleke kwa munganga siku ile ile. Ku Lubumbashi kuna hospitali ya magonjwa ya akili, ya Dokta Joseph Guislain, inayotunzwa na Ndugu wa Upendo. Kwenda kule si haya. Ni sawa kupeleka mukono uliovunjika ku plastere.

Kwa wewe mwenyewe unayebeba kitu kipya, injeniere, fundi, prezida wa koperative, patron mudogo, tunakuambia jambo moja toka Mwadui. Williamson alipata Chopra wa kumukopesha na ndugu wa kumusaidia, na bila wao mugodi haungesimama. Shida yake ilikuja pale watu walibaki wale wale wawili, na muzigo ukazidi mara mia. Hesabu watu wako kama unavyohesabu makuta yako. Kama unaweza kumuambia mutu mumoja tu kuwa unaogopa, tafuta wa pili mbele ya kutafuta mashine ya pili. Fundisha mutu kazi yako, ili siku unapougua kitu kisife. Na siku moja mu juma, toka mu uzio wako, uende uketi pahali ambapo hakuna anayekuita mukubwa.

Mulango wa sendika uko wazi kwa wote, hata kwa wale ambao jana tulikuwa tunagombana nao ku meza ya mishahara. Hatutauliza grade yako. Tutakupa kiti.